Mwongozo kamili wa kumpeleka askari polisi kwenye mafunzo ya muda ya utafiti jijini Dar es Salaam

Maombi ya namna hii hukwama kwa sababu zilezile kila mara. Barua inaondoka kituoni ikisema askari anakwenda "kujifunza utafiti", inarudi na maswali pembeni: utafiti gani, kwa muda gani, na zamu yake atashika nani? Ikipita hapo, askari anafika chuoni hakuna anayemtarajia. Anakaa kwenye kiti cha wageni, kisha oparesheni inatangazwa, anaitwa kituoni na harudi tena. Kuna pia balaa kubwa zaidi: taasisi inamgeuza askari mlango wa uani wa kuingilia kwenye majalada, na siku jambo likijulikana anayeulizwa ni yeye peke yake.

Mwongozo huu ni wa wakuu wa vituo na wa vitengo, maofisa wanaoshughulikia mafunzo katika mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke, na wahadhiri wanaotaka kumpokea askari. Unahusu mafunzo ya miezi mitatu hadi sita ndani ya jiji, askari akibaki mtumishi wa kituo chake na mshahara wake ukiendelea. Hauhusu kusomea shahada.

Jambo moja linabeba mengine yote: askari aende na swali la kituo chake. Akienda na swali la mhadhiri atakuwa karani wa mhadhiri, na akienda bila swali atakuwa mgeni. Ukikosea hapo, barua nzuri namna gani haitakuokoa.

## Uwe na nini kabla ya kuandika barua ya kwanza

- Swali moja la utafiti, lililoandikwa kwa sentensi moja.
- Jina la askari mmoja, na wa akiba mmoja.
- Barua ya utayari kutoka taasisi itakayompokea, ikimtaja msimamizi kwa jina na wadhifa.
- Rasimu ya makubaliano, kurasa mbili zinatosha.
- Jedwali la zamu la kipindi chote, likionyesha nani anajaza nafasi yake.
- Orodha ya kumbukumbu zitakazoguswa: daftari gani, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, na safu zipi.
- Kompyuta ya ofisi yenye nywila. Isiwe ya askari mwenyewe, isiwe ya kuazima.
- Bajeti ya nauli, chakula cha mchana, bando la intaneti na uchapaji.

Ukikosa viwili kati ya hivi, subiri. Ombi lililokataliwa linaacha kumbukumbu, na la pili linasomwa kwa jicho la la kwanza.

## Hatua ya 1: Toa swali kituoni

Kaa na watu wa kaunta, upelelezi, usalama barabarani, Dawati la Jinsia na Watoto, na Wakaguzi Kata. Waulize: ni jambo gani linatusumbua kila mwezi na hatujui sababu yake? Andika yote bila kubishana. Kisha ondoa makundi matatu. Yanayoweza kumalizwa kwa amri ya mkuu wa kituo hayahitaji utafiti. Yanayomtafuta mkosaji fulani ni upelelezi. Na yale mapana mno, mfano "uhalifu Dar es Salaam unasababishwa na nini", hayamalizwi na mtu mmoja kwa miezi mitatu.

Chukulia kituo cha upande wa Temeke. Vitabu vyake vina ajali nyingi za bodaboda, na kwenye sehemu ya mahali pameandikwa "Barabara ya Kilwa". Lakini barabara hiyo inapita Kurasini, Mtoni, Mbagala, inafika Kongowe na kuendelea kusini. Kwa maandishi hayo mkuu wa kituo hawezi kujua amweke wapi askari wa usalama barabarani saa za jioni, na hawezi kuwaambia TANROADS, Wakala wa Barabara, ni kivuko kipi kinaua watu. Hapo swali lipo tayari:

"Katika ajali za bodaboda zilizoandikwa kituoni kwetu mwaka jana, ni ngapi zina maelezo ya mahali yanayotosha kuwekwa alama kwenye ramani, na ni nini kinazifanya nyingine zikose?"

Ni swali dogo, linajibika kwa vitabu vilivyopo, halimtaji mtu, na jibu lake linabadilisha kazi wiki inayofuata. Wala si jambo la kupuuza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Nyuma ya kila "Barabara ya Kilwa" kwenye kitabu kuna kijana aliyepewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali, na sisi hatukuandika alipoangukia.

Kabla hujaomba kufungua vitabu, soma taarifa ya mwaka ya takwimu za uhalifu na matukio ya usalama barabarani, ile inayotolewa na Jeshi la Polisi pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ikiwa swali lako limejibiwa humo, tafuta lingine.

Umefanikiwa ikiwa: koplo wa kaunta anasoma swali mara moja na kulielewa, na askari wawili wazoefu wanatoa majibu tofauti. Wakikubaliana wote papo hapo, huenda jibu linajulikana na hakuna haja ya kumtoa mtu kazini.

## Hatua ya 2: Chagua askari

Usimpeleke uliyemchoka, wala anayekaribia kustaafu au anayesubiri uhamisho. Cheo kisikusumbue sana. Koplo hadi mkaguzi anafaa, mradi anaijua kazi inayoulizwa kwa mikono yake mwenyewe.

Mpe jaribio. Mchagulie matukio ishirini ya zamani kwenye kitabu, mwambie ayahamishie kwenye jedwali lenye safu za tarehe, saa, mahali, aina ya chombo na majeraha. Usiangalie kasi. Angalia anafanya nini pale kitabu kinapokuwa kimya. Anayeacha nafasi wazi na kuandika "haijaandikwa" ndiye wa kupeleka. Anayejaza kwa kukisia ili jedwali lipendeze atakuharibia utafiti mzima, na hutagundua hadi mwisho.

Angalia pia kesi zake. Askari mwenye ushahidi wa kutoa mahakamani hawezi kutoweka. Pata kwa mwendesha mashtaka orodha ya tarehe anazotakiwa, iambatanishe na makubaliano, na taasisi ijue tangu mwanzo kwamba siku hizo hatakuwepo.

Mwisho, muulize kama anataka. Umuulize faraghani, mkiwa wawili, maana mbele ya wenzake jibu litakuwa "ndiyo afande" na halitakuambia chochote. Akikubali, aandike mwenyewe nusu ukurasa kueleza anatarajia kujifunza nini.

## Hatua ya 3: Tafuta taasisi inayolingana na swali

Dar es Salaam ina bahati ya kuwa na taasisi nyingi, kwa hiyo usikimbilie jina kubwa. Swali la ajali linakwenda vizuri Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo. Swali la ramani, mitaa na taa linafaa Chuo Kikuu Ardhi. Ukatili wa kijinsia na watoto, fikiria Chuo cha Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Kama shida yenu ni namna ya kutunza na kuhesabu takwimu zenyewe, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kipo hapa hapa jijini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sheria, sosholojia na kompyuta. Majeraha na hospitali ni eneo la Muhimbili.

Nenda mwenyewe, usipige simu tu. Uliza mambo matatu: nani atakaa na askari kila siku, meza yake iko wapi, na wiki ya kwanza atafanya kazi gani. Mhadhiri akijibu "akija tutaona", shukuru na uondoke. Hana ubaya, ila hana nafasi.

Kama mradi una mtafiti kutoka nje ya nchi, simama hapo kwanza. Mtafiti huyo anahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kibali cha ukaazi kinachofuatana nacho. Askari asianze kazi kwenye mradi huo kabla hujaona nakala ya kibali kwa macho yako. Kwa utafiti wa walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makamu Mkuu wa Chuo ana mamlaka ya kutoa barua ya kibali kwa niaba ya Serikali na COSTECH. Omba nakala ya barua hiyo pia.

Umefanikiwa ikiwa: una jina la mtu mmoja anayepokea simu yako, na barua yenye muhuri.

## Hatua ya 4: Andikeni makubaliano

Watu wengi huona aibu kuandikiana, wakidhani ni kutoaminiana. Andikeni. Viongozi huhamishwa, na aliyekuahidi jambo Januari anaweza kuwa mkoa mwingine Machi.

Makubaliano yataje tarehe ya kuanza na kumaliza, siku na saa za kazi, kazi ambazo askari atafanya na ambazo hatafanya. Yaseme jina lake litaonekanaje kwenye ripoti. Akifanya kazi ya mwandishi, aandikwe kama mwandishi. Si haki kumshukuru kwa mstari mmoja mtu aliyesoma vitabu vya mwaka mzima.

Malipo yaandikwe hata kama ni nauli tu. Kila shilingi kutoka taasisi ipitie utaratibu wa malipo wa taasisi, kwa risiti, na mkuu wa kituo ajue kiasi. Hakuna bahasha. Askari aliyepewa bahasha na mtu anayehitaji kumbukumbu za polisi ameshaingia kwenye tuhuma, hata kama nia zote zilikuwa njema.

Kifungu kinachozozaniwa zaidi ni cha matokeo. Itakuwaje utafiti ukionyesha jambo lisilopendeza kwa Jeshi? Ushauri wangu ni huu: polisi wapewe siku 21 kusoma rasimu, wawe na haki ya kusahihisha makosa ya ukweli na kuzuia taarifa zinazoharibu kesi inayoendelea au kumfichua mtu. Wasiwe na haki ya kufuta matokeo kwa sababu yanauma. Bila nusu ya kwanza kamanda hatasaini, na hana kosa. Bila nusu ya pili chuo hakitasaini, nacho hakina kosa.

## Hatua ya 5: Barua na safari yake

Barua ifuate ngazi: mkuu wa kituo, Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD), Kamanda wa Polisi wa Mkoa, kisha Kamanda wa Kanda Maalum, ambaye ndiye atakayeona kama inahitaji kupanda Makao Makuu Dodoma. Usiruke ngazi kwa sababu unafahamiana na mtu juu. Barua iliyorukishwa hurudishwa chini "kwa maoni", na inachukua muda mrefu kuliko ingepanda yenyewe.

Mfano wa kuanzia:

> YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA SAJENTI (namba na jina) KUHUDHURIA MAFUNZO YA UTAFITI KWA VITENDO KWA MUDA WA MIEZI MITATU
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kituo kinaomba kibali cha askari tajwa kujishikiza katika (taasisi, idara) kuanzia tarehe … hadi tarehe …, siku za Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa ataripoti kituoni.
>
> Utafiti utajibu swali moja: (andika swali kama lilivyo).
>
> Askari ataendelea kuwa chini ya mamlaka na nidhamu ya kituo hiki. Huu si uhamisho. Nafasi yake ya zamu itajazwa kama inavyoonekana katika kiambatisho A. Kumbukumbu zitakazotumika zimeorodheshwa katika kiambatisho B. Hakuna jina, namba ya simu wala namba ya jalada itakayotoka nje ya kituo.
>
> Kituo kinatarajia kupata: (taja kitu kimoja, mfano fomu iliyoboreshwa ya kuandika mahali pa ajali).

Barua isizidi ukurasa mmoja. Kamanda anayesoma ana mafaili mengi mezani. Mpe majibu ya maswali yake manne: nani, lini, zamu, na usalama wa taarifa. Ile sentensi ya Ijumaa usiidharau. Siku moja kituoni kila wiki humfanya askari asisahaulike, na humtuliza OCD anayehofia kwamba ameshampoteza mtu wake.

Umefanikiwa ikiwa: kibali kimeandikwa, kina tarehe mbili, na kimetaja kumbukumbu. Kibali cha mdomo si kibali.

## Hatua ya 6: Linda taarifa na linda watu

Hapa ndipo penye hatari halisi, na napaomba pasomwe polepole.

### Kinachotoka kituoni

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa yeyote anayekusanya na kuchakata taarifa za watu, na kuna Tume inayoisimamia. Taasisi itakayokupokea iulizwe kama imesajiliwa kwenye Tume hiyo na nani ndani yake anawajibika kwa taarifa binafsi.

Kwa vitendo, fanya hivi. Askari anakaa kituoni na kuandaa jedwali kwa kompyuta ya ofisi. Majina, simu, makazi, namba ya RB (ile anayopewa mtu akiripoti tukio), namba ya usajili wa chombo na namba ya jalada hayaingii kwenye jedwali la utafiti. Kila tukio linapewa namba ya kubuni, T001, T002 na kuendelea. Orodha inayounganisha T001 na RB inabaki kwenye kabati lenye kufuli kwa mkuu wa kituo. Tarehe kamili igeuzwe kuwa wiki pale ambapo siku haihitajiki. Umri uwekwe kwa makundi.

Halafu angalia namba ndogo. Ukiandika kwamba katika mtaa fulani mwezi fulani kulikuwa na tukio moja la mwanamke wa miaka 40 hadi 49, majirani wote wanamjua ni nani, hata kama hukumtaja. Kundi lenye watu chini ya watano liunganishwe na lingine.

Marufuku mbili zisiwe na mjadala. Hakuna kupiga picha ukurasa wa kitabu kwa simu, na hakuna kutuma jedwali kwa WhatsApp. Picha ikishaingia kwenye simu huwezi tena kusema iko wapi.

### Ukitaka kuongeza kumbukumbu za hospitali

Inavutia kulinganisha vitabu vya kituo na vya hospitali, kwa sababu majeruhi wengine huenda moja kwa moja kutibiwa. Lakini ukigusa taarifa za wagonjwa umeingia kwenye utafiti wa afya, na unahitaji idhini ya kimaadili, ikiwemo ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, pamoja na ruhusa ya hospitali yenyewe. Kwa askari wa kwanza kutoka kituo chako, liache hilo. Litakula muda wote wa mafunzo kabla hajaandika mstari.

Vivyo hivyo kwa matukio ya watoto na ya ukatili wa kingono. Yanastahili utafiti, tena mzuri, ila si kwa mtu anayejifunza kusimba data, yaani kuzipanga kwa makundi kwa kufuata kanuni, kwa mara ya kwanza.

### Askari anapohoji watu

Taasisi nyingi zitataka askari ahoji. Kataa mapema, kwa maandishi, aina mbili za mahojiano.

Kwanza, asihoji raia kuhusu makosa yao au kuhusu rushwa. Askari akivaa shati la kitenge bado ni askari. Dereva wa bodaboda pale Mbagala Rangi Tatu akimwambia kwamba leseni hana na kila siku anatoa elfu mbili barabarani, askari afanye nini? Akichukua hatua, amemsaliti aliyemwahidi siri. Asipochukua, amekwepa wajibu wake. Na akificha kwamba yeye ni polisi ili dereva afunguke, utafiti wote umekosa uadilifu. Mahojiano hayo yafanywe na mtafiti wa chuo, na askari asione maandishi yake ghafi.

Pili, asihoji askari wa chini yake. Konstebo akiulizwa na mkaguzi kwa nini hakuandika mahali pa ajali, atajibu kama anayejitetea kwenye shauri la nidhamu. Ridhaa ya askari wenzake iombwe na chuo, na mkuu wa kituo asiwepo chumbani. "Mmeruhusiwa kushiriki" kutoka kwa afande husikika kama amri.

Hivyo askari anabaki na nini? Mengi, na ndiyo yenye thamani. Yeye ndiye anayejua kwamba vifupisho vya kitabu vina maana gani, kwa nini matukio ya usiku wa manane yameandikwa asubuhi, na kwamba mwandiko uleule kwa zamu mbili mfululizo unaashiria mtu alishika zamu ya mwenzake. Mhadhiri hawezi kuyaona hayo hata akikaa na vitabu mwaka mzima.

## Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Kabla ya kuondoka, akabidhi silaha ghalani na majalada kwa mpelelezi mwingine, yote kwa saini. Taasisini aende kwa nguo za kiraia, akiwa na kitambulisho. Watu wa ofisi hiyo waambiwe wazi yeye ni nani. Minong'ono kwamba "kuna polisi ametumwa kutuchunguza" huanza siku ya kwanza asipotambulishwa.

Msimamizi amfundishe sababu ya kila kanuni kabla ya kumpa kanuni. Polisi amezoea kutumia busara yake kwenye tukio, na utafiti mara nyingine unamtaka asiitumie. Mfano ninaoupenda ni wa Minneapolis, Marekani, mwaka 1981 na 1982. Watafiti walitaka kujua kipi kinapunguza ugomvi wa nyumbani kujirudia: kumkamata mtuhumiwa, kumwondoa nyumbani kwa saa nane, au kusuluhisha. Askari walipewa fomu za rangi, na rangi iliyokuwa juu ndiyo iliyoamua hatua. Waliopangiwa kukamatwa walikamatwa karibu wote. Lakini takriban robo ya waliopangiwa kuondolewa au kusuluhishwa hawakufanyiwa hivyo, kwa kuwa askari aliyekuwepo aliona hali inadai jingine. Askari wako akielewa kwa nini jambo hilo linatikisa matokeo, ameelewa nusu ya utafiti.

Kazi ya kwanza iwe ya kusimba kwa watu wawili. Askari na mwanafunzi wa chuo wachukue matukio 40 yaleyale yaliyokwisha kuondolewa majina, kila mmoja aamue peke yake kama mahali panatosha kwa ramani. Kisha walinganishe. Wakikubaliana kwenye 34, hiyo ni asilimia 85. Yale sita wasiyokubaliana ndiyo ya kujadili, na kila uamuzi uandikwe kwenye kamusi ya data, yaani orodha ya kanuni za kusimba: "karibu na sheli" haitoshi, "mbele ya kituo cha daladala" pamoja na jina la kituo inatosha. Warudie kwa matukio mengine 40.

Umefanikiwa ikiwa: mara ya pili makubaliano yamepanda, na mtu wa tatu akipewa kamusi hiyo bila maelezo anafikia maamuzi yaleyale. Yasipopanda, tatizo liko kwenye kanuni zenu. Msiendelee.

## Hatua ya 8: Linda muda wake

Mafunzo mengi hufia hapa. Panga tarehe kwa kuangalia kalenda ya jiji. Mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, Maonesho ya Sabasaba yanavuta askari wengi Barabara ya Kilwa. Desemba kuna sikukuu na mwaka mpya. Siku ya Simba na Yanga Uwanja wa Mkapa, usitegemee mtu. Miezi ya Februari hadi Mei, au Agosti hadi Novemba, ina nafuu, isipokuwa mwaka wa uchaguzi.

Wekeni kanuni: anaweza kuitwa kwa dharura, lakini kwa amri ya maandishi ya Kamanda wa Mkoa, na kila siku aliyochukuliwa inaongezwa mwishoni mwa kipindi. Kanuni hii haizuii dharura. Inazuia ile simu ya "njoo mara moja utushikie lindo" inayojirudia hadi mtu anakata tamaa.

Kila baada ya wiki mbili apeleke ukurasa mmoja kwa mkuu wa kituo na msimamizi: amefanya nini, amekwama wapi, anahitaji nini. Wiki ya sita mkutane watatu. Kama hadi hapo hakuna jedwali lililosafishwa, punguzeni swali. Msirefushe saa za kazi.

## Hatua ya 9: Kurudi

Ripoti ya kituo iandikwe kwa Kiswahili, kurasa nne hivi, tofauti na makala ya chuo. Iwe na swali, jibu, jedwali moja, ramani moja kama ipo, na pendekezo ambalo kituo kinaweza kulitekeleza bila fedha mpya. Kwa mfano wetu, pendekezo linaweza kuwa orodha ya alama za barabara kuanzia Kurasini hadi Kongowe ikibandikwa kaunta, na askari anayepokea taarifa ya ajali achague alama iliyo karibu kabla ya kuandika.

Ripoti asomewe kamanda kwanza, kisha askari wasomewe na mwenzao mwenyewe, kwa maneno yake. Mhadhiri akae nyuma. Askari wanamwamini aliyekesha nao kaunta.

Amua mapema atapangiwa nini akirudi. Akirudishwa lindoni siku ya kwanza na asiulizwe tena alichojifunza, wenzake watakuwa wameona, na ombi lijalo halitapata mtu. Mpe jukumu la kukagua uandishi wa kitabu kila Ijumaa na kumfundisha mwenzake mmoja awe wa pili wake.

Data za utafiti zifutwe kwenye kompyuta za taasisi kwa tarehe iliyo kwenye makubaliano, na msimamizi aandike barua fupi kuthibitisha. Nakala moja isiyo na majina ibaki kituoni pamoja na kamusi yake.

Miezi mitatu baadaye, chukua matukio 40 mapya ya bodaboda na uyapime kwa kamusi ileile. Kama mahali sasa panaandikwa vizuri, peleka matokeo kwa OCD pamoja na ombi la askari wa pili. Kama hapajabadilika, kaeni tena na watu wa kaunta muwaulize kwa nini ile orodha haitumiki, na swali hilo huenda ndilo atakaloondoka nalo anayefuata.